Zimwi Lisilo na Macho: Kumbukumbu za Mpenzi wa Vibonzo vya Kutisha na Muziki wa Metali

Utangulizi

Katika droo ya meza yangu ya kazi limo pendekezo la utafiti lenye kurasa tisa, lililopigwa taipu mwaka 1998. Juu ya ukurasa wake wa kwanza pana maneno saba niliyoyaandika mimi mwenyewe kwa wino mwekundu: "Mada hii si ya kitaaluma. Tafuta nyingine." Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyoandikwa na mtu ambaye, kwa muda wa miaka kumi na tisa kabla ya siku hiyo, alikuwa mpenzi mkubwa wa kile alichokuwa akikikataa.

Yafaa kwanza nifafanue istilahi chache. Kwa neno vibonzo ninakusudia hadithi zinazosimuliwa kwa mfuatano wa picha zilizotiwa ndani ya fremu, na si mchoro mmoja wa kuchekesha ambao magazeti yetu aghalabu huuita katuni. Hadithi za kutisha ni zile ambazo lengo lake kuu ni kumtia msomaji hofu, ziwe na mazimwi au zisiwe nayo. Kuhusu muziki wa metali, huo wa magitaa ya umeme yenye sauti nzito na ngoma za kishindo, bado hatujakubaliana jina lake katika Kiswahili; nimelichukua hili kwa sababu ndilo vijana wanaoupenda wanalolielewa. Mambo haya matatu, pamoja na uchoraji unaoyaunganisha, yameniandama tangu utotoni, na ninaamini yana jambo la kuifundisha taaluma yetu.

Sanduku la Mjomba

Nilizaliwa Tanga mwaka 1966. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge nje ya mji, na mama alikuwa akiwasomesha watoto Kurani barazani kwetu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa baharia. Mwaka 1979, vita vya Kagera vilipomalizika na maduka ya mji yakiwa na rafu tupu, mjomba alirejea nyumbani na sanduku la bati. Watu wazima walitazama sabuni, vitambaa na redio ya kanda. Mimi nilitazama kilichotandikwa chini kabisa ili vitu visilowe: matoleo matano ya jarida la Kimarekani liitwalo The Tomb of Dracula.

Vibonzo havikuwa vitu vigeni kwangu. Juha Kalulu, aliyebuniwa na Edward Gitau, alikuwa akiwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili ya Kenya tangu miaka ya 1950, na kabla mpaka haujafungwa mwaka 1977 magazeti hayo yalikuwa yakifika nyumbani kwetu mara kwa mara. Baadaye, katika miaka ya 1980, jarida la Sani lilituletea akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tukawa tukiligombania. Lakini hao wote walichekesha. Dracula alitisha, na alitisha kwa namna ambayo sikuwahi kuiona juu ya karatasi.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha salamu na majina ya rangi. Kwa hiyo sikuzisoma hadithi zile; nilizitazama. Nilitazama jinsi mchoraji Gene Colan alivyoufanya ukungu upande ngazi, na jinsi uso wa mtu ulivyoweza kumezwa nusu na kivuli. Katika mawili ya matoleo hayo alikuwamo Blade, mtu mweusi anayewawinda wanyonya damu, aliyebuniwa mwaka 1973. Sikujua anasema nini, ila nilijua kwamba yeye ndiye asiyekimbia.

Nikaanza kunakili. Baba alikuwa akileta nyumbani karatasi za ofisini zilizokwisha kutumika upande mmoja. Mbele kulikuwa na hesabu za mizigo ya mkonge, nyuma kulikuwa na mazimwi yangu. Siku moja mama alizikuta. Hakukasirika. Alikaa kitako juu ya mkeka, akazipanga, akauliza:

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni zimwi tu, mama."

"Siku ya Kiyama aliyemchora kiumbe ataambiwa amtie roho. Wewe utaweza?"

Nikamjibu kwamba sitaweza.

"Basi usimtie macho."

Akanirudishia karatasi zangu, akaenda kutazama chungu jikoni.

Kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu hilo lilikuwa tatizo kubwa la kiufundi. Nitachoraje zimwi lisilo na macho, na bado liwe zimwi? Nilijaribu kuligeuza likampa mtazamaji mgongo. Nililivika kofia pana. Nililisimamisha nyuma ya mlango, ukaonekana mkono peke yake. Mwishowe nilijifunza kuujaza uso wote kwa wino mweusi na kuyaacha mahali pa macho pasipo kitu. Nilipomwonyesha mdogo wangu michoro ya zamani yenye macho mekundu, alicheka. Nilipomwonyesha ile isiyo na macho, alikataa kwenda peke yake kisimani jioni ile, ikabidi niende mimi. Nami nikaenda nikiimba kwa sauti kubwa njia nzima.

Nafasi Kati ya Fremu

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichotokea kwenye karatasi zile. Zimwi lililochorwa likakamilika huwa mali ya mchoraji. Zimwi lenye pengo humlazimu mtazamaji alikamilishe, naye hulikamilisha kwa hofu yake mwenyewe, ambayo mchoraji hawezi kuijua.

Katika vibonzo pengo hilo halimo usoni mwa zimwi tu. Limo pia katika utepe mweupe unaotenganisha fremu moja na nyingine. Tuchukue mfano mwepesi. Fremu ya kwanza yaonyesha mlango uliofungwa na taa ya chemni juu ya meza. Fremu ya pili yaonyesha taa hiyo hiyo ikiwa imeanguka, na mlango uko wazi. Nani aliyeufungua? Haikuchorwa popote. Aliyeufungua ni msomaji, katika nafasi isiyo na wino hata tone.

Hapa ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, ambaye hakupata kukiona kibonzo maishani mwake. Alipokuwa akitutambia ngano, na zimwi limemkaribia msichana kiasi cha kusikia pumzi yake, bibi alikuwa akinyamaza. Alichochea moto. Alimwuliza mmoja wetu kama amewafungia kuku. Sisi tulikuwa tukisubiri, na katika kusubiri huko zimwi lilikuwa likiongezeka ukubwa. Ukimya wa bibi na utepe mweupe wa Gene Colan ni mbinu moja.

Zaidi ya hayo, ngano zetu zina fremu zao za nje. Mtambaji hufungua kwa kuita hadithi, na hadhira huuita uongo uje na utamu ukolee. Wanafunzi wetu huyakariri maneno haya kama mapambo ya fani, ilhali nionavyo mimi ni mkataba. Kabla ya zimwi kuingia, wote waliopo wamekwisha kukubaliana kwamba kinachokuja ni uongo na kwamba kitakwisha. Hofu imewekewa mwanzo na mwisho, na ndiyo maana mtoto anaweza kuiomba usiku unaofuata. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mpenzi wa hadithi za kutisha ni mtu aliyejitahidi kujuana na zimwi lake.

Kwa bahati mbaya, wanaozipinga hadithi za namna hii aghalabu huzitazama bila fremu zake. Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Kuanzia mwaka 1950 kampuni ya EC ilichapisha vibonzo vya kutisha, mashuhuri miongoni mwavyo vikiwa Tales from the Crypt. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu cha kuvishutumu kwamba vinawaharibu vijana, akaweka ndani yake picha moja moja zilizokatwa kutoka katika hadithi zake. Mwaka huo huo kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliwahoji wachapishaji jijini New York, nao kwa kuogopa sheria wakajiwekea kanuni zao wenyewe. Kanuni hizo zilipiga marufuku wanyonya damu na wafu wanaotembea, na hata maneno yenye maana ya hofu na kitisho yasionekane katika majina ya majarida. Kufikia mwaka 1955 vibonzo vya kutisha vya EC vilikuwa vimekufa. Kanuni zililegezwa mwaka 1971, na mwaka 1972 likazaliwa jarida lile nililokuja kulikuta chini ya sabuni za mjomba. Sikujua, nilipokuwa nikinakili, kwamba Gene Colan naye alikuwa akichora ndani ya mipaka aliyowekewa na watu waliokuwa wakimhofia.

Kanda ya Mwaka 1983

Mjomba alirudi tena mwaka 1983, safari hii na kanda mbili. Tanga ulikuwa mji wa muziki: Atomic na Jamhuri Jazz walikuwa wamekwisha kuupatia sifa nchi nzima, na taarabu ya Black Star ilikuwa ikisikika hadi nga'mbo ya mipaka. Kwa hiyo masikio yetu hayakuwa mageni kwa gitaa la umeme. Hata hivyo, kanda ya kwanza ilipoanza, mama alitoka jikoni kutazama kama mvua imeanza kunyesha.

Ilikuwa ni mvua kweli, ila ya kwenye kanda. Ikafuata kengele ikilia kwa mbali, kisha noti tatu za gitaa, nzito na za taratibu mno. Huo ndio mwanzo wa albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, iliyotolewa tarehe 13 Februari 1970. Noti ya tatu iko umbali wa toni tatu kamili kutoka kwa ya kwanza, umbali ambao wananadharia wa Ulaya waliwahi kuuita shetani ndani ya muziki kwa vile sikio haliupi mahali pa kutua. Kati ya pigo moja na jingine pana kimya. Niliposikia kimya hicho nilijua nimekwisha kukutana nacho: ni bibi akichochea moto.

Jirani yetu, fundi makenika, alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama yule bwana anaimba au analia. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Wengi wameshikilia kwamba nyimbo hizo humsifu shetani. Ukweli ni kwamba katika wimbo huo wa kwanza anayesema ni mtu aliyeingiwa na hofu kuu, naye anamwomba Mungu msaada. Hata jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963 iliyoongozwa na Mario Bava. Vijana wale wa viwandani walikuwa wametambua kwamba watu hulipa kiingilio ili watishwe, wakaona hapana sababu muziki usifanye kazi ileile.

Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, akiwa mtu wa shoto, huutumia kubana nyuzi. Alikaribia kuacha kabisa. Akaletewa sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili vilidhurika kwa moto, akapata moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole mfano wa kastabini ya fundi cherehani. Alitafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Kulegea huko ni sehemu kubwa ya ule uzito uliomtoa mama jikoni.

Kanda ya pili ilikuwa ya Iron Maiden, na hapo michoro yangu na muziki vikakutana. Juu ya jalada lake alisimama Eddie, maiti mwenye nywele za kusimama, ambaye Derek Riggs alimchora kwenye albamu ya kwanza ya bendi hiyo mwaka 1980 na kwenye nyingine nyingi zilizofuata. Eddie alikuwa na macho. Nilimnakili mara nyingi bila macho, nami niliridhika kwamba wa kwangu alikuwa mbaya zaidi.

Muziki huu umekwisha kupata wenyewe katika Afrika. Gaborone imekuwa na bendi ya Skinflint, inayochota visa vyake kutoka katika imani na visasili vya Kiafrika. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa albamu yao kupitia kampuni ya Nyege Nyege ya Kampala. Mswahili akilisikia jina hilo humfikiria mnyama mwenye mbio, kumbe wao walilitoa katika Kikikuyu, ambako nduma ni giza. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipiga kwa mara ya mwisho Birmingham, na mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki tarehe 22 mwezi huo huo. Jioni ya habari hiyo nilifungua droo kutafuta kanda ya mjomba. Nilichokitoa ni pendekezo la mwaka 1998.

Mwanafunzi wa 1998

Hapa sina budi kueleza kwa nini nilikuwa nimeuficha upenzi wangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, fasihi iliyoheshimiwa ilikuwa ile iliyochambua matabaka na ujenzi wa taifa. Mhadhiri mmoja aliliona daftari langu la michoro, akaniambia kwa upole kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuogopa mazimwi ya karatasi. Nililipeleka daftari Tanga, nikalifungia katika sanduku lile la bati. Hata riwaya za Kiswahili zilizogusa hofu nilizisoma kwa siri, isipokuwa pale zilipokuwa na udhuru. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa na udhuru: mzimu ndani yake ni mahali pa jinai, na Bwana Msa huifumbua kwa akili yake. Nyingine tuliziita fasihi pendwa, nasi tulilitamka neno pendwa kana kwamba kupendwa ni dosari.

Mwaka 1998, nikiwa mhadhiri kijana, alinijia mwanafunzi wa uzamili kutoka Pemba. Aliniamkia, akakaa, akanikabidhi zile kurasa tisa. Alitaka kulinganisha simulizi za Popobawa na hadithi za picha za kutisha. Wasomaji wengi watakumbuka kwamba mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Ilisimuliwa kwamba aliyevamiwa aliamriwa awaambie wengine, na kama hakusema, Popobawa angemrudia. Katika kipindi hicho raia asiye na hatia aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye.

Mwanafunzi huyu alikuwa mmoja wa waliolala nje. Mwishoni mwa pendekezo aliambatisha kurasa mbili alizozichora mwenyewe: ua, mikeka, moto, na watu waliolala wakigusana. Popobawa hakuwamo. Katika fremu ya mwisho watu wote waliokuwa wamelala walikuwa wamegeuza nyuso zao kuelekea upande mmoja, nje ya ukurasa.

"Mwalimu," aliniambia, "nataka kujua kwa nini tulipokuwa tukisimuliana tuliogopa kidogo kuliko tulipokuwa tumenyamaza."

Nililielewa swali lake kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Na kwa sababu nililielewa, niliogopa kwamba nikilikubali, wenzangu wataniona nilivyo. Nilimwambia kwamba jopo halitaipitisha mada hiyo, jambo ambalo sikuwa nimeliuliza jopo. Nikaandika yale maneno saba. Alisema, "Ahsante, Mwalimu," akaondoka bila kurasa zake. Baadaye aliandika tasnifu nzuri kuhusu viambishi vya njeo, akahitimu. Sikumwona akichora tena.

Hitimisho

Nimejiuliza kama nilichokifanya kinatofautiana na alichokifanya mama mwaka 1979. Wote wawili tuliweka mpaka. Lakini mama alinikataza macho akaniachia karatasi, na ndani ya mpaka huo nilipata kila nilichokuja kukijua kuhusu uchoraji. Mimi sikumpa mwanafunzi wangu mpaka wa kufanyia kazi. Nilimwondoa kwenye ukurasa. Wengi wetu tumewahi kufanya hivyo kwa jina la taaluma, na yamkini tunaendelea kufanya.

Ninayo maswali matatu kutoka katika zile kurasa tisa, ambayo nimeomba ruhusa ya mwenyewe, kwa barua, kuyachapisha hapa. La kwanza: je, fomula za kufungulia na kufungia ngano hufanya kazi gani katika kuipima hofu ya hadhira, na nini hutokea pale ambapo kisa cha kutisha kinasimuliwa bila fomula hizo, kama kilivyosimuliwa cha mwaka 1995? La pili: vibonzo vya Kiswahili, ambavyo tumevichunguza zaidi kwa upande wa dhihaka na siasa, vinautumiaje utepe uliopo kati ya fremu? La tatu: Kiswahili kinatofautishaje zimwi, mzimu, mzuka, pepo na jini katika mazungumzo ya watu wenye hofu, si katika kamusi?

Alinijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema ruhusa ameitoa. Wa pili uliuliza kama zile kurasa mbili za michoro bado zipo. Zipo, nimezitia ndani ya bahasha, na wiki hii nitazipeleka posta. Pendekezo lenyewe amesema nilibakize, na wino wangu mwekundu juu yake.